Mdogo Wangu Mrushaji

Kabla ya kriketi tulikuwa na rede. Kila msichana wa mtaani kwetu Kihonda wa umri wetu ameicheza: wawili wanasimama pembeni na mpira wa soksi, mmoja anakaa katikati, anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Mdogo wangu hakupenda kuwa katikati. Alipenda kurusha. Wenzake walikuwa wanalia kwamba anaumiza, mama zao wanakuja nyumbani kushitaki, na mama yetu anamgombeza mbele yao mpaka wanaridhika. Wakishaondoka anamwuliza kwa sauti ya chini, "Umempiga wapi?"

"Mgongoni."

"Siku nyingine piga miguuni. Mgongo wa mtoto wa watu si ukuta."

Nilikuwa nimemzidi mwaka na miezi kidogo, lakini kwa urefu alinipita tangu tuko shule ya msingi, na watu wasiotujua walikuwa wanaanza kumsalimia yeye kwanza. Mama alikuwa anauza mboga sokoni mjini, karoti na kabichi na njegere zilizokuwa zinashushwa kutoka milimani kwa bibi, mama yake. Baba alikuwa anafanya kazi ya kutengeneza njia ya reli huko Kisaki. Tulikuwa tunamwona akipata likizo, anakuja na mchele na samaki wakavu, analala sana siku ya kwanza, siku ya pili anatengeneza kila kitu kilichoharibika, siku ya tatu ameshaanza kuulizia usafiri.

Nilipokuwa kidato cha pili na yeye cha kwanza, alihamishiwa shuleni kwetu mwalimu wa michezo kutoka Dar es Salaam, mwanamke mrefu, mpole, ambaye zamani alikuwa amechezea timu ya wanawake ya kriketi. Alikuja na begi refu la kijani. Akasema mkoa unataka kuanzisha timu ya wasichana chipukizi, na yeye ndiye atakayeifundisha. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kuuona mchezo wenyewe. Kulikuwa na wasichana waliocheka kwa sababu bati, lile gongo bapa la kupigia mpira, lilifanana na mwiko wa kusongea ugali wa harusi. Mwalimu hakukasirika. Aliuliza tu, "Nani hapa anacheza rede vizuri?"

Vidole vyote vikamgeukia mdogo wangu.

Kriketi haikuwa rede, tukaligundua hilo mapema. Kwenye rede unakunja mkono unavyotaka. Kwenye kriketi mrushaji anakuja mbio, anauzungusha mkono juu ya kichwa, na kiwiko hakitakiwi kukunjwa. Mdogo wangu alikunja. Kila alipokunja, mwalimu alisema, "Hapana, rudia," bila kupandisha sauti, na yeye anarudia huku amebana midomo. Akirudi nyumbani anaendelea nyuma ya nyumba, anarusha mpira wa soksi kwenye ukuta wa choo mpaka plasta inaanza kumeguka. Mama alipopiga kelele kuhusu ukuta, ikabidi nisimame mimi mahali pa ukuta. Sikuomba kuwa kipa. Nilikuwa kipa ili choo kisibomoke.

Kwa asiyeujua mchezo: kuna vijiti vitatu vimechomekwa chini, mpigaji anasimama mbele yavyo na bati kuvilinda, mrushaji anatoka mbali kuvilenga. Kipa anachuchumaa nyuma ya vijiti na glavu zake. Mpira ukimpita mpigaji, ni wangu. Kwa hiyo mrushaji na kipa wanatazamana muda wote, na kati yao yupo mtu mmoja tu anayetaka kuwaharibia. Mdogo wangu alikuwa na alama zake. Akifuta kiganja kwenye paja la kulia, mpira unakuja wa kasi. Akigusa sikio, unakuja wa taratibu, wa kumdanganya mpigaji. Hatukuwahi kukaa tukapanga. Nilizijua tu, kama nilivyojua anataka chumvi kabla hajaomba.

Timu ilikua. Tulikuwa tunafanya mazoezi jioni na Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa shule, tunatandika mkeka wa nyuzi za nazi juu ya sakafu ya saruji ambayo mwalimu aliwabembeleza wazazi mafundi wakaimwaga. Alikuwepo nahodha wetu, msichana mfupi, mtoto wa askari magereza wa Kingolwira, aliyekuwa anatoka kwao alfajiri ili asichelewe. Wengine walicheza na hijabu, wengine na vitambaa, na helmeti tulizokuwa nazo tulipokezana mpaka zikawa na harufu yetu sote. Tulijifunza kuita kwa sauti. Nadhani hilo ndilo lililowashangaza zaidi watu waliokuwa wanapita njiani, kwamba wasichana wanapiga kelele hivyo na mwalimu wao hawakatazi.

Jumamosi moja baba alikuwa likizo, akaja uwanjani. Alikaa kwenye tofali na kofia yake ya kazini, akatazama. Tulikuwa tunacheza na wasichana wa shule nyingine. Mdogo wangu akafuta kiganja kwenye paja, akaja mbio, mpira ukapita chini ya bati, kijiti cha kati kikaruka hewani. Tukamkimbilia. Baba akapiga makofi peke yake, kisha akamsogelea mwalimu.

"Samahani, mwalimu. Hapo binti yangu amefunga au amefungwa?"

"Amemtoa, mzee. Yule anarudi kukaa."

"Anarudi kabisa? Hachezi tena?"

"Leo hachezi tena."

Baba akamtazama yule msichana aliyekuwa anatoka na bati lake kwapani, uso ameinamisha. "Maskini," akasema. Halafu akacheka, cheko ambalo sikuwa nimewahi kulisikia kwake. Usiku ule, tulipokuwa tunakula, alimwomba mdogo wangu amwonyeshe mkono. Akaushika, akaugeuza huku na huku kwenye mwanga, akaurudisha. "Nimekaa kwenye reli miaka yote," akamwambia mama, "sijui hata nyumbani nina nini."

Dalili zilikuwepo. Sasa hivi ningeweza kuzitaja zote. Wakati ule kila moja ilikuwa na maelezo yake. Tulipokuwa wadogo, wakati wa likizo tukienda kwa bibi milimani, mdogo wangu alikuwa anaumwa koo, baadaye magoti yanavimba, leo goti hili, kesho kifundo cha mguu. Bibi alimchua na mafuta ya moto na kusema ni baridi ya mlima, watoto wa mjini hawaiwezi. Uvimbe uliisha. Kila mara uliisha. Alipoanza kuhema sana baada ya ova mbili tatu, yaani zamu za kurusha mipira sita sita, tulisema ni vumbi la kiangazi. Alipoanza kulala na mito miwili, mimi ndiye niliyelalamika, kwa sababu mmoja ulikuwa wangu.

Tulikwenda Dar es Salaam kwenye mashindano ya vijana ya mikoa. Tulilala bwenini kwenye shule moja, tukaoga maji ya chumvi, tukachezea uwanja wenye majani mabichi kama zulia, na wengi wetu tulivua viatu kwanza ili tuyakanyage. Hatukuchukua kombe. Lakini kulikuwa na mechi moja, dhidi ya wasichana wa Dar waliokuja na basi lao na begi la kila mmoja, ambayo mdogo wangu aliwatoa mmoja baada ya mwingine mpaka kocha wao akaacha kukaa. Nakumbuka mikono yangu inauma ndani ya glavu na sitaki iache kuuma. Mwisho alinijia, akaniwekea kichwa begani, akakaa hivyo muda mrefu. Nilidhani ni furaha. Moyo wake ulikuwa unapiga kwa nguvu kiasi kwamba niliusikia kwenye bega langu.

Baada ya mechi watu wawili wa timu ya taifa ya wasichana walimfuata mwalimu wetu. Walimtaka mdogo wangu kambini. Mimi hawakunitaka, na nasema kweli kwamba haikuniuma. Nilikuwa najua mimi ni kipa wake tu. Nikimdakia mrushaji mwingine, mimi ni msichana wa kawaida mwenye glavu.

Nyumbani kulikuwa na sherehe. Mama alichinja kuku, majirani wakaja kumwona kana kwamba walikuwa hawajawahi kumwona. Kilichobaki ni vipimo vya afya, ambavyo kila anayekwenda kambini lazima afanyiwe. Mwalimu alitupeleka hospitali ya mjini asubuhi, mdogo wangu, mama na mimi. Tulikuwa tumepanga tukitoka hapo tupitie kununua viatu.

Daktari alikuwa kijana. Aliweka kipimo chake kifuani kwa mdogo wangu huku anaongea na mama habari za bei ya nyanya, na katikati ya sentensi akanyamaza. Akakihamisha kipimo. Akamwambia alale upande wa kushoto. Akasikiliza, akasikiliza tena. Mama alikuwa bado anasubiri amalizie habari ya nyanya.

"Uliwahi kuvimba viungo ulipokuwa mdogo?" akamwuliza.

"Magoti," mdogo wangu akajibu. "Lakini yalipona."

Hatukununua viatu. Tulitumwa kwenye kipimo kingine, kisha kingine tena Dar es Salaam, ambako moyo wake ulionyeshwa kwenye skrini. Daktari mama mtu mzima alitueleza polepole, akichora kwenye karatasi. Yale maumivu ya koo na magoti yalikuwa homa ya baridi yabisi. Magoti yalipona, lakini homa iliugusa moyo, na milango ya ndani ya moyo, ile inayofunguka na kufungika ili damu isirudi nyuma, ilikuwa imeharibika. Atachomwa sindano kila mwezi. Atafanyiwa upasuaji zamu yake ikifika. Na asikimbie tena.

Mama aliuliza, "Asikimbie mpaka lini, daktari?"

Daktari alimtazama mdogo wangu badala ya mama. "Mpaka tumtengeneze. Na hata hapo, tutaona."

"Na kurusha?" mdogo wangu akauliza. "Nikirusha bila kukimbia? Nikisimama tu hapo hapo?"

Yule daktari akaweka kalamu chini. Nadhani alikuwa na watoto. "Hapana, mwanangu," akasema. "Hata hivyo hapana."

Mdogo wangu akaitikia kwa kichwa kwa adabu, kama amefahamishwa kwamba ofisi imefungwa. Alianza kulia tulipokuwa tumeshapita geti, tena si kwa sauti. Machozi yalikuwa yanashuka tu na yeye anaendelea kutembea, na mama amemshika mkono kama mtoto anayevushwa barabara.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kusubiri. Alikuwa anakuja mazoezini amevaa sweta la shule, anakaa pembeni kwenye kivuli cha darasa. Mwalimu alimpa filimbi, akawa anahesabu mipira ya kila ova na kupuliza wa sita ukifika. Nafasi yake ya kurusha alipewa msichana mwingine, mwenye bidii, ambaye hakumkosea mtu yeyote. Kwangu mimi mipira yake ilikuwa inatoka mahali nisipopajua. Nilikuwa nadondosha. Nilikuwa nadondosha hata ya rahisi, inagonga glavu na kuanguka miguuni.

Siku moja tukirudi nyumbani nikamwambia mdogo wangu kwamba nafikiria kuacha.

Akasimama. Alikuwa anasimama mara nyingi njiani siku zile, ili apumue, lakini hapo hakusimama kwa ajili hiyo.

"Uache kwa sababu gani?"

"Bila wewe sioni raha."

"Kwa hiyo mimi nimekatazwa na daktari, na wewe unaniongezea? Dada, nikikaa pale kwenye kivuli, unajua natazama nini? Nakutazama wewe. Sina kitu kingine cha kutazama pale. Ukiacha, nitakuwa nimeachishwa mara mbili."

Sikuacha.

Kabla ya masika tulikuwa na mechi ya nyumbani na timu ya vijana kutoka Dodoma. Asubuhi ile nahodha wetu alimfuata mwalimu, wakanong'ona, kisha akaja kwa mdogo wangu na kumwambia avae jezi. Mdogo wangu akakataa. Nahodha akamwambia, "Hutarusha. Utanisindikiza kurusha shilingi. Mimi sina bahati na shilingi, kila mtu anajua." Wakaenda wote wawili katikati ya uwanja, taratibu kabisa, nahodha akipunguza hatua zake fupi ili zilingane na za mwenzake. Refa akarusha sarafu. Mdogo wangu akaita, "Kichwa!" kwa sauti ile ya zamani ya uwanjani. Ilikuwa kichwa. Akageuka akatutazama sisi sote tuliokuwa pembeni, akatuonyesha kwa kuzungusha mkono, kiwiko kimenyooka, kwamba tumechagua kurusha kwanza. Wasichana walishangilia kama tumeshinda. Mechi yenyewe tulishindwa, siikumbuki vizuri.

Zamu ya upasuaji ilifika masika yakiwa yamekolea. Mama alikwenda naye Dar es Salaam. Mimi nilibaki kwa sababu ya mitihani na meza ya mama sokoni. Siku ya kuondoka hakutaka tuagane kwa maneno mengi. Aliniambia nimwagilie mchicha wake nyuma ya nyumba, nikamwambia mvua yote hii mchicha wa kumwagilia wa nini, akacheka, akaingia kwenye basi. Baba aliomba ruhusa kazini, akapanda treni kutoka Kisaki moja kwa moja mpaka Dar. Alimkuta kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa, na naamini ndivyo ulivyokwenda. Madaktari walifanya kazi yao. Alifumbua macho, akamwomba mama maji, akamwuliza baba kama treni ilichelewa. Mama alinipigia simu akampa aongee nami, nikasikia pumzi yake tu na neno moja, "Dada." Nikamwambia asiongee, aongee akipona. Baadaye hali ikabadilika, moyo ukashindwa kubeba kazi, wakahangaika naye.

Nilikuwa uwanjani, jioni, tunakusanya vifaa kwa sababu mvua ilikuwa inateremka kutoka mlimani. Simu ya mwalimu ikalia, akaniletea. Alikuwa baba.

"Mwanangu," akasema. "Mdogo wako amepumzika."

Nikasema, "Vizuri, baba. Mwacheni alale. Juzi mama alisema hapati usingizi."

Nilisikia watu wakipita kwenye korido huko aliko, na gurudumu la kitanda likilia. Nikaendelea kuongea. Nikamwuliza kama mama amekula. Nikamwambia nahodha anawasalimia. Mwalimu alikuwa ameshanisogelea karibu sana, na ni kutoka kwenye uso wake, si kwenye sauti ya baba, nilikoelewa baba alimaanisha nini.

Baba akasema tena, "Mwanangu." Basi.

Tulimzika milimani kwa bibi, kwenye ardhi ya ukoo wa mama, kama ilivyo desturi kwetu, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Gari lilifika pale barabara inapoishia. Kutoka hapo ni njia ya miguu, na ilikuwa matope tupu. Wajomba walikuwa wamejipanga kulibeba jeneza kwa kupokezana. Nyuma yao nikaona kundi linapanda, likiteleza na kushikana mikono. Ilikuwa timu. Walikuja wote, na mwalimu, wamevaa trakisuti zetu za bluu ambazo sasa zilikuwa za kahawia mpaka magotini. Hata mama wa nahodha alikuja, mke wa askari, akiwa na ndoo ya mchele kichwani. Wasichana wa Kiislamu ambao hawakuwa wamewahi kuhudhuria ibada yetu walisimama nyuma, wametulia, katekista akisoma sala. Baadaye niliwaona wote kisimani, wakichota maji ya kupikia msiba, wakipokezana ndoo mmoja kwa mmoja kwenye mteremko, na hawaongei kabisa. Kwa mara ya kwanza niliwaona wakiwa pamoja bila kelele.

Maneno yalianza siku ya pili. Wanawake waliokuwa wanachambua mboga walisema mchezo ule ndio uliomuua. Msichana anakimbia na jua lote lile, anazungusha mkono kama pangaboi, moyo utavumilia wapi. Hawakusema kwa ubaya. Walikuwa wanatafuta mahali pa kuuweka msiba. Bibi aliwasikia, akaniita nje, kwenye jiwe anapoanikia maharage. Alikuwa ameshika khanga yake kwa mikono yote miwili.

"Niambie wewe, mjukuu wangu," akasema. "Wewe ulikuwa naye kila siku. Ni huo mpira wenu?"

Ningemwambia nini? Kwamba ni koo lile na magoti yale, aliyokuwa akiyachua yeye mwenyewe kwa mapenzi yote, karibu na jiko lake? Mama alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Si mpira, mama. Huo mpira ndio uliotuambia kwamba anaumwa. Bila huo tungemkuta amekufa kitandani tusijue kwa nini."

Bibi akafikiri. "Lakini angekuwa hajui," akasema. "Angekuwa amelala tu, hajui."

Mama akarudi ndani. Mpaka leo hawajawahi kuliongelea tena, na sijui ni nani kati yao aliye na haki. Kuna siku naona mama, kuna siku naona bibi.

Mwalimu hakuondoka na basi lililoirudisha timu. Alibaki akaosha vyombo na wanawake wale wale waliokuwa wanausema mchezo wake, wakapeana shikamoo na marahaba, hakujitetea. Tuliporudi Kihonda alizunguka kwa wazazi wa timu nzima, nyumba kwa nyumba, na akamshawishi yule daktari kijana wa mjini aje shuleni. Alikuja Jumamosi na kipimo chake. Wasichana walipanga foleni darasani, na mama zao wakakaa kwenye madawati ya wanafunzi, magoti yamegusana. Hata waliokuwa wameshawatoa mabinti zao kwenye timu waliwaleta wasikilizwe. Daktari alikuwa akimaliza mmoja anamtazama mama yake na kusema, "Mzima," na mama anashusha pumzi.

Wote walikuwa wazima. Wengi hawakurudi uwanjani.

Tulicheza msimu mmoja zaidi tukiwa wachache. Nilidaka kwa ajili ya yule mrushaji mwingine na nilijitahidi, naye alijitahidi, na siku moja baada ya mazoezi aliniambia, akiangalia chini, kwamba anajua si yeye ninayemtafuta nikiinua macho. Nilimkumbatia. Mwaka uliofuata mwalimu alihamishwa. Begi la kijani liliingizwa stoo ya shule. Hapakuwa na siku ambayo timu ilivunjwa, hakuna aliyetangaza kitu. Ilifika Jumamosi fulani tukawa wanne uwanjani, tukakaa kwenye mkeka tukapiga soga, jua lilipokuwa kali tukaukunja, tukaenda nyumbani.

Sasa hivi nafundisha watoto wa darasa la awali hapa hapa Kihonda. Baba amestaafu, amerudi nyumbani, na mama anaona shida kuzoea mwanamume anayekuwepo kila siku. Wanagombana kuhusu chumvi. Mara moja moja wanapanda pamoja milimani kupalilia kaburini na kumsaidia bibi kuvuna njegere, wanarudi na gunia na wamechoka, na siku hizo hawagombani.

Kitanda tulichokuwa tunalalia wawili bado ninacho. Yeye alikuwa analala upande wa nje kwa sababu ya miguu yake mirefu, mimi upande wa ukuta. Mwaka jana mama alikuja kutandika, akaona godoro limebonyea upande mmoja tu, upande wa ukuta, akakaa pale ukingoni, mkono juu ya ule upande mwingine uliokuwa bado umeinuka.

"Lala katikati, mwanangu," akaniambia. "Kitanda ni chako."

Nimejaribu. Nalala katikati, nazima taa, najinyoosha kama mwenye kitanda. Asubuhi nikiamka niko ukutani.